Sahani Isiyoshika Maji

Mjukuu alimwachia bibi yake jikoni sahani ya majaribio aliyoipaka dawa ya maabara. Maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la yugwa, alieleza, na vijidudu havipati pa kung'ang'ania. Isiguswe wiki tatu, maana shahada yake iko hapo.

Aliporudi, akadondosha maji. Yakatandaa.

“Bibi! Umeisugua?”

“Siku ile ile, kwa waya wa kusugulia sufuria. Sahani ikae wiki tatu bila kuoshwa, majirani waseme nini?”

“Dawa yote umeikwangua!”

“Yote wapi, mama? Bega liligoma, nikaishia nusu.”

Mjukuu akadondosha upande wa pili: tone likabingirika. Akaanza kucheka. “Kumbe nina pande mbili za kulinganisha!”

“Basi uandike kwenye ripoti yako,” bibi akasema, “kwamba umesaidiwa na bega bovu.”