Zipu ya Tumboni mwa Dudu

Fundi cherehani alikaa safu ya mwisho ukumbini, karibu na mlango, ili mambo yakiharibika awahi kutoka. Dudu la kwenye filamu alilishona yeye, kwa mablanketi makuukuu na sponji ya godoro. Zipu akaiweka mbele, tumboni, kama alivyozoea kuweka kwenye makoti ya mvua tangu ujana wake. Hakuna aliyemwambia kwamba dudu halivai koti. Mjukuu wake, mtengeneza filamu, aliiona siku wanamaliza kupiga picha.

"Bibi, watu wakiicheka hiyo zipu, dudu lako tunalitupa. Nitakodi la mpira, nirudie upya."

"Haya, mama. Tuwasikilize wenyewe."

Sasa majirani walijaa kuitazama filamu, kila mmoja na kikaratasi chake cha maoni. Dudu lilipochomoza kwenye pipa la maji, mama mmoja alipiga ukelele hadi kiatu kikamtoka, halafu yeye mwenyewe akaangua kicheko. Analicheka dudu, au anaicheka zipu? Bibi akanyoosha shingo, asione kitu ila visogo.

Taa zikawashwa. Mjukuu akaanza kusoma vikaratasi, uso umemkunjamana.

"'Nimeogopa nikacheka, nimecheka nikaogopa. Sijielewi.'"

"'Dudu lina miguu ya mjomba wangu.'"

"'Zipu ile inafungua nini?'"

Akachukua kingine. "'Mbona hamkutuonyesha tumboni?'" Na kingine: "'Limemmeza nani? Nadhani yule mwalimu aliyepotea mwanzoni.'"

"Mwalimu wapi!" akadakia kinyozi. "Humo yumo mke wa dudu!"

"Mke akae tumboni afanye nini?"

"Apumzike na maneno yenu!"

Ukumbi ukachemka. Mwoka mikate, aliyelivaa dudu lenyewe, akasimama. "Jamani, ndani nilikuwamo mimi na jasho langu!"

"Kaa chini, unatuharibia!" wakamzomea.

Mjukuu akaviacha vikaratasi mezani, akaja mpaka safu ya mwisho. Mikunjo ya uso ilikuwa imemtoka.

"Bibi, wote wanauliza jambo moja. Tumboni kuna nini?"

"Umeshindwa? Nipe mji kwanza."

"Chukua huu wetu, na kelele zake zote."

Bibi akacheka, akashikilia kiti, akainuka.

"Basi lilete dudu langu, ulilaze kule kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Kilichomo sijakishona bado."