Kikohozi cha Mkwe

Wasike akikohoa, ugali wangu unaungua. Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka ule wa hamsini na sita katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi hapa Nakuru, na asiyekuwepo atadhani natia chumvi.

Wasike alikuwa jirani yetu wa ukutani, Mbukusu wa Kimilili, mrefu, mpole, kazi yake kuunganisha mabehewa pale stesheni. Mkewe Nasimiyu alipojifungua mtoto wa kwanza, miguu ilimvimba hata akashindwa kuinua ndoo. Mama yake akapanda treni kutoka Broderick Falls aje kumsaidia. Shida ikaanzia hapo, kwa sababu kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, hawasemezani, wala hawakai chumba kimoja. Ni heshima nzuri sana, ukiwa na boma lenye nyumba nne. Reli ilikuwa imempa Wasike chumba kimoja, pazia la shuka katikati, na jiko dogo nyuma.

Basi wakajipangia utaratibu. Usiku Wasike alilala kwa Naftaly, kapera mmoja wa stesheni aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa usingizini. Akija kwake kula, alisimama nje ya mlango wa mbele akakohoa. Mama mkwe akisikia hivyo alijitanda leso, akachomoka kwa mlango wa nyuma, na kuingia wapi? Jikoni kwangu mimi Akoth. Wasike akishashiba alikohoa tena, akaenda zake, na mama akarudi.

Huko jikoni kwangu alikalia kigoda changu, hicho hicho ninachokalia nikisonga ugali. Alifunua kila sufuria. "Nyinyi Wajaluo munapika samaki na kichwa chake?" aliniuliza siku ya kwanza. Siku ya pili aliuliza tena, labda akitumaini jibu limebadilika. Mimi nasonga nimeinama kama mtu anayepalilia, na ugali unanuka moshi.

Kibaya zaidi, mume wangu Obura alikuwa mchochea moto wa treni na kifua chake kilikuwa kimejaa moshi tangu ujana. Asubuhi moja alirudi kutoka kazini akikohoa kuanzia bombani mpaka mlangoni, akaendelea kukohoa akivua nguo aoge jikoni. Mama wa watu akadhani ni mkwe wake. Akachomoka mbio, akafungua mlango wa jikoni kwangu, akamkuta Obura mwenyewe amefunga taulo tu, mguu mmoja ndani ya karai. Sijui nani alipiga kelele zaidi. Tangu siku hiyo Obura alipiga mluzi badala ya kukohoa, na mtu mwenye kikohozi akijizuia kwa mluzi, afadhali usimsikie.

Tulicheka sana. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikunichekesha. Kila mama alipokimbia, alikimbia na mtoto kifuani. Mtoto huyo, Naliaka, alikuwa ametimiza miezi miwili, na baba yake hajamshika hata mara moja. Alikuwa akimwona kwa mbali tu, akiyeyukia mlango wa nyuma ndani ya leso. Nasimiyu aliona aibu kumwambia mama yake. Wasike ndiye kabisa, angemwambiaje mtu ambaye hata jina lake halitaji? Alijaribu ujanja, akakohoa kidogo sana kisha akaingia haraka. Wapi! Mama alikuwa na masikio ya paka.

Nilimuuliza yule mama waziwazi, "Mama, hiyo heshima yenu inakimbiza mpaka mtoto?"

"Umeona mikono yake?" akanijibu. "Mutu ya kugonganisha mabehewa mchana yote. Mtoto si behewa."

Moyo uliniuma. Nilikuwa nimemwona Wasike nyuma ya nyumba, ameinama kwenye kamba ya nguo, ananusa kitambaa cha mtoto kama mwizi. Aliponiona akajifanya anaangalia kama kimekauka.

Alhamisi moja Nasimiyu alikwenda dispensari kuonyesha miguu yake, na mvua ikamfungia huko. Si mvua ya kuchezea; mabati yalilia hata hatukusikia treni. Nilikuwa ndio kwanza nimetia unga sufuriani. Mvua ikalegea kidogo, na ndani ya kimya hicho nikasikia kikohozi mlangoni kwa Wasike.

Nikautazama ugali wangu. Nikautazama mlango. Nikasukuma komeo.

Miguu ikaja ikipiga tope. "Akoth! Fungua!" Mlango ukasukumwa. "Akoth! Mtoto analowa!" Nusura nifungue, nakiri. Nilishika mwiko kwa mikono miwili ili isiende yenyewe kwenye komeo. Mwishowe miguu ikarudi ilikotoka, nami nikaepua sufuria, nikaingia chumbani na kubandika sikio ukutani. Kuta za landi hazifiki paani, hata kupumua kwa jirani unakusikia.

Mlango wa mbele kwa Wasike ukafunguliwa, yeye akijua mama ameshatoka. Mama akavuta pazia. Watu wazima wawili wamesimama pande mbili za shuka moja. Mtoto akaanza kulia. Akalia, akalia, na sauti ya nyanya yake ikatoka nyuma ya shuka, lakini haikuwa inamwambia Wasike.

"Naliaka, ambia baba yako akaushe mikono."

Nikasikia nguo zinasuguliwa haraka haraka.

"Ambia nyanya imekauka," Wasike akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu mdogo kuliko yeye.

"Ambia baba yako apitishe mikono hapa chini ya shuka. Ashike kichwa kwanza. Kichwa, si mgongo."

Shuka likachakacha. Kilio kikahama upande, kikapungua, kikageuka kwikwi, kikaisha. Kisha nilimsikia Wasike anavuta pumzi vipande vipande, na nikajua mtu yule mrefu analia. Mimi mwenyewe niliyepiga komeo nilikuwa na machozi mpaka shingoni.

Mvua ikaanza kukatika. Nyanya akangoja, akangoja, akashindwa.

"Naliaka," akaita polepole, "ambia baba yako ametoka kazini, amechoka. Akurudishe sasa."

"Ambia nyanya," Wasike akasema, "bado."