Ndama wa Usaha

Kaka yangu tunamwita Mkurugenzi. Hajawahi kuongoza kitu chochote. Zamani, bosi wake alipokwenda likizo, aliachiwa kukalia kiti cha ukurugenzi kwa muda, na moyoni mwake hajainuka mpaka leo. Ukimkuta nyumbani ameshika fagio, ujue anakagua tu, anayefagia ni mkewe.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nasema hivyo bila kujisifu, maana nyumbani kwetu cheo hicho hakikupatii hata kikombe cha chai. Kazini watu wanatoka mbali kunifuata, na mbuzi wao mabegani. Lakini mama yetu aliponunua ng'ombe kwa mafao ya marehemu baba, alimkabidhi kaka. Eti ng'ombe anataka mwanaume. Nikamwachia. Mama alikuwa na furaha sana siku ile, na tangu baba atutoke hakuwa na kitu kingine anachokiita changu.

Basi ng'ombe huyo, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akazaa dume salama salimini, ila kondo la nyuma likagoma kutoka. Mtu mwenye akili zake angenipigia simu. Mkurugenzi alitafuta tofali. Akalifunga kwa kamba kwenye kile kipande kilichokuwa kinaning'inia, eti uzito utalivuta lote, kisha akasimama pembeni mikono kiunoni kama anasimamia ujenzi wa daraja. Kipande kikakatika kikaanguka, akajipongeza. Kilichobaki kikaozea humo humo ndani. Haya niliyasikia baadaye sana, kwa kunong'onezwa na mkewe jikoni.

Baadaye wakamwita mpandishaji, ng'ombe akapandishwa kwa mrija wa mbegu, na baada ya hapo hakuonyesha tena joto la kutaka dume. Kwa Mkurugenzi huo ulikuwa ushahidi tosha wa mimba. Debe tupu haliachi kuvuma: mtaa mzima ukajulishwa kwamba ng'ombe wetu ana mimba, na ndama ni jike, alijuaje sijui. Akajenga kibanda cha ndama, akakipaka rangi. Mama naye kila jioni akawa anaweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe na kuapa kwamba kapigwa teke.

Nilipokuja likizo, kitu cha kwanza nilichokiona ni mkia. Ulikuwa umegandamana na uchafu mweupe unaoelekea njano. Kiwele kilikuwa kimesinyaa, na kwa miezi waliyokuwa wanaihesabu kilipaswa kuwa kimeanza kujaa. Nikaomba kumpima. Mkurugenzi akaruka juu, akasema nikiingiza mkono nitamtoa ndama, na kwamba vitabu ni vitabu na ng'ombe ni ng'ombe. Nikamuuliza usemi huo una maana gani. Akaurudia kwa sauti kubwa zaidi.

Alipokwenda kunyoa nywele, mama akanifungulia zizi. Nikavaa glavu ndefu, nikaingiza mkono mpaka begani, nikapapasa kizazi kupitia njia ya haja kubwa. Hakukuwa na kichwa wala mguu. Kizazi kilikuwa kizito, kimelala kama mfuko wa uji. Ulikuwa usaha mtupu.

Nikanawa, nikamkalisha mama kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamweleza taratibu. Uchafu wa kondo lililooza umejaa kizazini. Mwili wa ng'ombe umedanganyika, unadhani umebeba mimba, ndiyo maana joto halirudi. Kuna sindano ya kuuzindua mwili huo. Mlango wa kizazi utafunguka, usaha utatoka, na baada ya matibabu atabeba mimba ya kweli. Akiachwa hivi hivi kizazi kitaharibika kabisa, na mwenye bucha, ambaye siku zile alikuwa anapita kutusalimia bila sababu, atampata.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kama ndama yumo?" akauliza.

"Hayumo, mama."

"Sijakuuliza kama hayumo."

Ningeweza kumdanganya. "Kama yumo, sindano itamtoa. Lakini nimepapasa kwa mkono wangu huu, mama. Hayumo."

Akamtazama ng'ombe wake. Nikamwonea huruma mpaka nikatamani kumkumbatia, ila nilikuwa nanuka zizi.

"Mchome," akasema. "Lakini kaka yako asijue."

Nikamchoma.

Jamani, sijawahi kuona zizi lile likiwa vile. Asubuhi ya siku ya pili yake sakafu yote ilikuwa usaha, mzito, wenye mabonge, harufu yake inakata pua. Mimi nilifurahi, kwa sababu daktari hufurahia vitu vya ajabu. Mkurugenzi akaja, akaona, akapiga yowe lililowatoa majirani vitandani. Eti nimemuua ndama wake! Wivu tu, nilimwonea wivu toka utotoni! Watu walipojaa akachukua kijiti, akachuchumaa na kuanza kupekua usaha akitafuta maiti. Mtu mzima, mwenye mvi, anachambua usaha kama anachagua mchele. Akalinyanyua bonge moja, akatangaza kwamba hicho ni kichwa. Na jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, akavaa miwani, akainama, akasema jicho analiona.

Nikawaeleza. Nikawauliza kwato ziko wapi, mifupa iko wapi, ngozi iko wapi. Wakanitazama kwa huzuni, kama wanavyomtazama mtu anayejitetea mahakamani. Sikio la kufa halisikii dawa, nami sikuja pale kuwafufua. Nikamgeukia mama, maana neno lake moja lingetosha. Mama alikuwa anarekebisha mtandio kichwani, akaurekebisha muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Nilimsamehe siku ile ile. Nilijua anamwogopa mwanawe wa kiume, kama akina mama wengi wanavyowaogopa watu waliowaogesha wenyewe. Niliporudi kazini, mke wa kaka akawa jicho langu. Yeye ndiye aliyemfungulia mwenzangu wa kazi aje na sindano ya marudio, yeye ndiye aliyenipigia simu ng'ombe alipoonyesha joto safi, na mpandishaji niliyemtuma akafika wakati Mkurugenzi yuko kwenye vikao vyake vya kahawa. Mimba ikashika. Safari hii ilikuwa na miguu.

Akazaliwa jike, mwekundu kama mama yake, na kondo likatoka lenyewe bila tofali la mtu. Niliomba ruhusa kazini, nikaja na mkoba wangu. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Mkurugenzi alikuwa katikati yao anasimulia jinsi alivyomuuguza ng'ombe baada ya mimba ile kuharibiwa, na mwalimu mstaafu anaongezea habari za lile jicho. Nikawapita. Uongo wa kaka yangu nimeuzoea, haunizuii hata kula.

Ndama alikuwa anajaribu kusimama, kitovu bado kibichi kinaburuzika kwenye majani. Nikafungua chupa ya dawa ya kitovu, nikapiga goti. Ndipo mama akaja, akapita kati yangu na ndama, akamwekea ndama mkono mgongoni.

"Mwanangu," akasema, kwa upole kabisa, "huyu naye usimguse."

Nilidhani anasema hivyo kwa ajili ya wageni. Nikamtazama machoni, nikingoja anikonyeze. Hakukuwa na mgeni karibu, na hakunikonyeza. Alikuwa anaogopa, na aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

Nikampa mke wa kaka ile chupa, nikamwonyesha namna ya kuchovya kitovu, nikafunga mkoba. Ruhusa ya sindano ile tulikuwa tunaijua watu wawili. Sasa naijua peke yangu.