Tone Nyuma ya Sikio

Kwa kuficha mvi, piko haina mpinzani. Ukiipaka asubuhi, mchana umerudi ujanani, na maji hayaiondoi. Msusi alilijua hilo. Alijua pia kwamba kemikali inayoipa weusi ndiyo iliyomchubua vidole mpaka akaanza kuvaa glavu, na ndiyo iliyomvimbisha uso mteja wake mmoja hadi macho yakazibika. Tangu hapo hakumpaka mtu bila kumtia tone nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Wateja walinuna, wakasema ana masharti kama mganga.

Safari hii mteja alikuwa baba yake mzazi, dereva wa kampuni. Bosi mpya alikuwa akiwapunguza wazee, na kesho yake baba alikuwa anaitwa ofisini. Alikuwa amepaka piko miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo tone alilotiwa na bintiye juzi aliliona mzaha. Alijiketisha kitini, akasema ngozi iko salama, binti aharakishe.

Msusi alikoroga rangi, akamfunga taulo shingoni. Alipolikunja sikio alipake mafuta, aliweka kopo chini. Ngozi ya nyuma ilikuwa imevimba, ina malengelenge, na juu yake imepakwa poda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa akificha kwa poda ya mkewe.

"Baba, limeanza kukuwasha lini?"

Alikiri kwamba liliwasha siku ileile, akaliosha. "Miaka yote hii naipaka, mwanangu. Leo ndiyo inigeuke?"

Msusi akamweleza kwamba ndivyo ilivyo: mwili huvumilia, huvumilia, halafu siku moja hukataa, na ukishakataa ndiyo basi. Ikiwa tone limefanya hivi, kupaka kichwa kizima kunaweza kumziba pumzi.

"Nikiingia na mvi hizi, kazi sina."

Msusi aliogopa. Nyumba nzima ilikula kwa usukani ule. Hata hivyo aliimwaga rangi yote.

"Utaingia nazo, baba."

Akachukua mashine, akamnyoa karibu na ngozi, akamchonga ndevu vizuri. Baba alijitazama kiooni kwa muda.

"Huyu mzee," akasema, "hata mimi ningemstaafisha."

Akacheka peke yake. Msusi alishindwa kucheka naye. Aliinama akamfuta shingo taratibu, akilikwepa lile sikio.