Mwavuli wa Kimya

Sajini aliingia karakanani kwangu kutafuta turubai la lori la mkwewe, nami nikamtambua kabla hajanisalimu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika nusu vilevile, na bado alisimama ametanua miguu, kama mtu anayengoja ndege imyumbishe. Yeye hakunitambua. Uzee umenipa miwani na mashavu, na zamani tulipokuwa kambi moja sikuwa na hata kimojawapo.

"Turubai lipo," nikamwambia. "Lakini kaa kwanza, Sajini. Mimi ni yule binti wa banda la miavuli."

Akakaa. Akanitazama upya, akanikumbuka.

Nilikuwa mkunjaji. Wakati wa vita makomando wa kikosi chetu walikuwa wakirushwa kutoka angani nyuma ya adui, na sisi wanawake wachache tulikunja miavuli yao juu ya meza ndefu. Unakung'uta kitambaa, unapanga kamba zisipandane, unafunga mfuko, unaweka rafuni. Mifuko haikuwa na majina. Askari alipita akachukua wowote, na mara kwa mara mkubwa wa kambi alimtoa mmoja wetu, akamvisha mfuko wowote wa pale rafuni, akampandisha ndege. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya uzembe. Mimi pia niliruka, nikapiga kelele kutoka mawinguni mpaka chini, na wanaume wakapata cha kunichekea.

Kimya, mmoja wa makomando hao, hakunicheka. Jina hilo walimpa kwa utani, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Akiingia bandani alikuwa akipapasa mifuko huku ananisemesha: "Upi wako leo? Nionyeshe basi." Namsonya: "Chukua unaokuja, ondoka." Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kambi nzima ilijua. Tulikuwa tumekubaliana kwamba vita vikiisha atawaleta wazee wake kwetu.

Alfajiri moja alipanda ndege na wenzake, hakurudi. Tuliambiwa amepotea vitani, basi. Kikosi kile hakikuwa na desturi ya kueleza watu mambo. Nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume mwema, Mungu amrehemu, na katika yote hayo kulikuwa na swali lililolala nami kitanda kimoja. Asubuhi ile Kimya alibeba mfuko niliokunja mimi? Na je, ulifunguka? Nashona maturubai mpaka leo, na kila nikikunja moja vidole vinaniuliza. Kumtamani, namtamani hata sasa, mimi na meno yangu ya bandia. Lakini nilikuwa namwogopa pia, kwa sababu sikujua kama nilimuua.

Mficha uchi hazai. Nikauliza.

"Sajini, mwavuli wa Kimya ulifunguka?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Ulifunguka vizuri sana! Mimi nilikuwa juu yake, nilimwona kwa macho yangu. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unadhani... Lo! Pole, mama."

Nililia kwa sauti mbele ya mafundi wangu, bila haya. Yalikuwa machozi ya furaha. Nikaagiza chai, nikamtaka Sajini ale, anywe, aseme chochote anachotaka. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, nimpimie turubai lake aende zake. Lakini nani aliwahi kushiba habari za mtu anayempenda?

"Sasa ilikuwaje?" nikamuuliza.

Sajini akakizungusha kikombe mezani. "Aliangukia mawe, mguu ukavunjika. Sheria yetu unaijua. Asiyeweza kutembea anaachiwa maji na bunduki, wengine wanaendelea na kazi. Mwenyewe ndiye aliyetufukuza, na utani wake uleule. Tungempitia wakati wa kurudi. Tulimficha vichakani, mahali pazuri kabisa."

"Halafu?"

"Mwavuli, mama. Ukifika chini tu, unauzika. Ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa, maana ule weupe rubani wa adui anauona kutoka mbali. Sisi tulizika yetu. Yeye akakataa. Nilitaka kumnyang'anya, akaukumbatia. Akasema, 'Huu umekunjwa na mtu wangu, siufukii.' Nikamwambia, 'We bwana, mifuko haina majina, umejuaje?' Akasema anajua tu. Tulikuwa tunachelewa, nikamwachia. Hatujafika mbali tukasikia ndege inazunguka pale pale, halafu mabomu."

Akakisukuma kikombe kando. "Ningemnyang'anya kwa nguvu. Nisamehe."

Nikamwambia hana kosa, nikampimia turubai, akaondoka akiwa amelibeba begani. Sikuwa namdanganya. Hata mikono yangu haikuwa na kosa, hilo nimeshaambiwa, na ndilo nililolitafuta maisha yangu yote. Na kama ule mwavuli ulikuwa wangu, hakuna ajuaye. Kimya naye hakujua. Alijisemea tu, ndivyo alivyokuwa, na mimi ndiye niliyempa sababu ya kusema.

Mafundi walipotoka kwenda kula nilibaki peke yangu, nikajikuta nazungumza naye kwa sauti, kwa ukali uleule wa bandani.

"Uzike, mjinga wewe. Uzike. Nitakukunjia mwingine."