Mwalimu Amelala

Katika safu yote ya vibanda vya mboga pale Silanga, Kibera, hapakuwa na mwanamke aliyejua kumsifu mtoto wake kama Mildred, ambaye wengi walimwita Mama Mideva. Ungefika kununua managu, na kabla hajakufungia, ungekuwa umekwisha kujua kwamba binti yake anasomea ualimu wa chekechea kule Gatina, Kawangware, na kwamba hatimaye ukoo wao umepata mwalimu. Aliyasema hayo huku kisu kikikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi na uso ukimng'aa, nawe ukaondoka na mboga pamoja na habari.

Sifa hizo zilizaa kazi. Jirani mmoja alileta mtoto asaidiwe masomo jioni. Mwingine akaleta wawili. Akina mama wa kanisani wakamfanya Mideva katibu wao. Palipokuwa na sherehe, ilikuwa lazima yeye ndiye ashike kipaza sauti. Kila aliyeomba, Mildred alimjibu papo hapo, bila hata kumgeukia binti: "Atakuja. Huyo hana neno." Naye Mideva, akiuona uso wa mama yake ulivyochangamka, alikosa pa kuanzia kukataa. Alirudi kutoka Gatina kwa miguu, akawafundisha watoto wa watu hadi giza likaingia, ndipo akafungua vitabu vyake. Kagiri, kijana wa Gatina waliyependana naye, alikuwa amezoea kuambiwa kwamba wataonana wiki ijayo.

Jumatatu moja Saadia alikuja kibandani peke yake. Alikuwa binti wa Kinubi, mzaliwa wa Kibera, na alisoma darasa moja na Mideva. Kwa kawaida wawili hao ungewasikia wakicheka kabla hujawaona. Siku hiyo hakucheka.

"Sasa, mama."

"Salama, binti yangu. Mwenzako umemwacha wapi?"

"Yuko kwetu, amejinyoosha kidogo. Mama, nikikuambia jambo, utamgombeza?"

"Nimgombeze mwalimu?" Mildred alicheka. "Sema."

"Leo mtahini alizunguka madarasani kututazama tukifundisha. Alipoingia kwa Mideva, alimkuta kitini amelala. Alikuwa akiwasimulia watoto hadithi, usingizi ukamchukua katikati. Watoto walidhani ni sehemu ya hadithi, wakanyamaza kimya. Mmoja alikuwa amevua sweta yake akamfunika."

Kisu kikasimama.

"Mtahini akasemaje?"

"Amempa nafasi nyingine, Ijumaa. Akishindwa tena, hatahitimu pamoja nasi. Atarudia mwaka mzima." Saadia akashusha sauti. "Yeye hawezi kukuambia. Anasema unapojivunia yeye unapendeza sana, na hataki kukuharibia."

Mildred aliketi juu ya gunia. Miezi yote hiyo alidhani anagawa sifa. Kumbe alikuwa akimgawa mtoto. Na lililomchoma zaidi ni kwamba asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwahidi Amondi, muuza makaa wa kibanda cha jirani, kuwa Mideva ataongoza sherehe ya kumkaribisha mkwe wake Alhamisi jioni.

Akafuta mikono kwa leso, akavuka.

"Amondi, ile sherehe ya Alhamisi. Mideva hatakuja."

"Ati nini? Si ni wewe ulisema hana neno?"

"Nilisema mimi. Yeye sikumwuliza."

"Kwani Alhamisi anafanya nini?"

Mildred angeweza kutaja mkutano, au homa, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Pale Silanga, msichana anayelala kabla ya wengine alihesabiwa kuwa mvivu, au akahesabiwa miezi ya mimba. Akavuta pumzi.

"Atalala."

Wanawake wa safu nzima wakaangua kicheko. "Wee!" Amondi akapiga makofi meusi ya vumbi la makaa. "Mwalimu mzima anapangiwa usingizi kama mtoto mchanga!"

"Ndiyo, nampangia. Ijumaa anasimama mbele ya darasa kutahiniwa, na nataka asimame akiwa macho. Wewe tafuta mwingine wa kushika kipaza sauti. Au usitafute, maana sauti yako inafika Laini Saba bila chombo."

Kicheko kikahama upande. Amondi mwenyewe alitabasamu kwa nusu ya mdomo, kisha akayarudia makaa yake akiwa amenuna.

Jioni hiyo Mildred aliweka kiti mlangoni. Watoto walipofika na vitabu vyao, aliwaambia kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi, "Mwalimu amelala." Ndani, Mideva alikuwa macho, akitazama mabati ya paa.

"Mama, watanisema."

"Watanisema mimi. Mimi nimezoea. Lala."

Akalala. Asubuhi aliondoka mapema kwenda kufanya mazoezi na Saadia, wakipokezana zamu, mmoja mwalimu na mwenzake mtoto mtundu. Kufikia Jumatano, Mildred alikuwa akitamka "Mwalimu amelala" kama mtu anayetangaza cheo, hata wapita njia wasiouliza wakaambiwa.

Siku hiyo alitokea Kagiri, mkononi ana mahindi ya kuchoma.

"Niaje... habari yako, mama."

"Nzuri. Amelala."

"Basi asiamshwe."

Mildred akamtazama vizuri. Siku zote alikuwa amemweka katika kundi la wapoteza wakati. "Hukasiriki? Umetoka Gatina yote hiyo."

"Mama, mwaka huu wote nimekuwa nikizungumza na mtu anayesinzia. Nami nangoja huyo aliye macho." Akamnyooshea mahindi. "Haya kuleni nyinyi."

"Keti tule. Na ukishamaliza, kuna kunde hapa za kuchambua."

Kijana akaketi, akachambua kunde vibaya, akachekwa, akaendelea.

Ijumaa Mildred aliuza mboga bila kujua anamuuzia nani. Alasiri aliwaona wakija kupitia mashamba yaliyo kando ya bwawa, Mideva na Saadia, mkono kwa mkono. Visu vya safu nzima vikatulia. Mideva akazunguka meza, akamnong'oneza mama yake sikioni: "Nimepita. Mtahini amesema darasa langu lilikuwa hai."

Kifua cha Mildred kikajaa. Mdomo ukafunguka, nao majirani wakakaa tayari. Kisha akaufumba, akamgeukia binti yake.

"Niwaambie?"

Mideva alimtazama kana kwamba hajawahi kusikia swali kama hilo. Na kweli, hakuwahi.

"Waambie, mama. Lakini usiniahidi kwa mtu. Kesho asubuhi niko na Saadia, na jioni niko na Kagiri."

Ndipo Mildred akapanda juu ya kreti tupu na kuitangaza habari hiyo kwa sauti iliyowatoa watu ndani ya nyumba zao. Vigelegele vikapokelewa kibanda hadi kibanda. Amondi alivipiga mwishowe, na kwa nguvu, kisha akasogea akijifuta mikono.

"Hongera, Mama Mideva. Sasa huyu mjukuu wangu wa hesabu mbovu, mwalimu atamwona lini?"

Neno "hana neno" lilikuwa tayari ulimini. Mildred akalimeza.

"Muulize mwenyewe. Yuko macho."

Mideva akafikiri, bila haraka. "Jumanne, mama. Jumanne tu. Siku nyingine nitakuwa nasoma."

"Jumanne tu," Amondi akarudia kwa mshangao, akawageukia wenzake. "Mmemsikia?"

"Wamemsikia," Mildred akasema, akiwa bado juu ya kreti, kidevu kimeinuka.