Ubao wa Tatu

Aliambiwa ni stoo ya mbolea. Fundi Wendelin akasimamisha nguzo za mbao kuigawa ofisi ya kijiji kipya cha ujamaa, pale karibu na Kitai, ikabaki kuzifunika kwa mbao nyembamba za hadibodi. Asubuhi hiyo mgambo wakaleta mbolea yenyewe: Placidi, mdogo wake, mikono imefungwa nyuma, mdomo umepasuka.

Kosa lake ni kukataa kuiacha kahawa yake kule Ukata ahamie kijijini. Nyumba walishaichoma. Sasa walitaka aseme mama yao, Ephrasia, amejificha wapi msituni na majirani zake.

Mgambo wengine wakarudi kusaka. Akabaki kamanda wao, Sixtus, mtu wa hapo hapo, aliyepewa sare juzi tu. Masikini akipata, matako hulia mbwata.

"Ziba ukuta, fundi," alisema, akimsukumia Placidi nyuma ya nguzo. "Na nyundo isinyamaze, watu wa foleni ya mahindi hapo nje wasisikie. Ikinyamaza, namvunja mguu."

Basi Wendelin akapiga. Kila nyundo ilipotua, rungu nalo lilitua upande wa pili. Alisikia ubavu wa mdogo wake ukilia ko! Akaichukia mikono yake mwenyewe. Akamaliza ubao wa kwanza, akamaliza wa pili.

Wa tatu aliupigilia vibaya. Tangu afundishwe na baba yao hakuwahi kupiga msumari hewani. Leo aliipitisha misumari yote kando ya nguzo, na hata katika hali ile aliona aibu. Kisha akafanya kama baba yao alivyofanya kila alipomaliza ukuta: akagonga kwa kifundo cha kidole. Ubao wa kwanza ulitulia. Wa pili hali kadhalika. Wa tatu ukacheza, tra-tra. Akaugonga tena.

"Nini hicho?" Sixtus aliuliza.

"Naukagua ukuta, Kamanda."

Sixtus akaridhika. Lakini Placidi naye tangu utotoni alikuwa akimshikia baba yule yule misumari; aliujua mlio wa ubao usioshika.

Ubao ukafyatuka. Placidi alitoka nao begani, akaanguka, akainuka, akakimbilia mlangoni. Sixtus akajipenyeza kwenye pengo kumfuata, rungu mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kimekamata nguzo ajivute.

Wendelin alikuwa na msumari mmoja mfukoni, wa inchi nne, uliobaki kwenye kazi ya nguzo. Hakufikiri. Pigo la kwanza la kuusimamisha, la pili la kuuzamisha. Kiganja kikabaki palepale. Sixtus akapiga yowe, akarusha rungu kwa mkono uliosalia, likamvunja Wendelin meno mawili. Damu ya wote wawili ikachuruzika kwenye hadibodi mpya.

"Kaka, twende!" Placidi alilia mlangoni. "Watarudi!"

Wendelin akatema meno. Alijua nyumba yake nayo itachomwa leo, na hakujuta. Kabla hajakimbia, mkono wake ukaigonga ile nguzo kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea tu, kando ya vidole vilivyokuwa vikitapatapa.

Haikucheza.